Mbao za Mjomba na Mchi wa Mama

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kazi yangu pale Bunia ilikuwa kushona mizigo ya ndege. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita na kubaki nyumbani na mama, na kwa kuwa sikuweza kusimama sokoni kuita wateja, nilijitafutia kazi isiyohitaji mdomo. Watu waliniletea samaki wa chumvi kutoka Kasenyi, au maharagwe kutoka milimani, mimi nikavipanga ndani ya maganda makavu ya migomba, nikazungushia gunia, nikashona kwa sindano kubwa na kamba ya katani. Mwenye mzigo aliporudi aliuliza, "Iko tayari?" nami nikaitikia kwa kichwa. Siku nzima iliweza kupita hivyo, nami nikaihesabu kuwa siku nzuri.

Wapakiaji wa uwanja wa ndege walikuwa na sheria yao isiyoandikwa popote: mzigo mrefu uwe umenyooka kama rula. Uliopinda waliusukuma pembeni, wakisema unakula nafasi ya watu wawili, na hapo ungeweza kungoja ndege ya wiki ijayo, kisha na ya wiki nyingine. Mizigo yangu haikusukumwa pembeni hata mara moja. Sikuwa na jambo jingine la kujivunia, kwa hiyo nilijivunia hilo, kimoyomoyo.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa jibini huko juu, upande wa Kpandroma, ambako ng'ombe ni wengi na asubuhi watu hutoa moshi mdomoni. Kazi hiyo aliisomea Uswisi katikati ya miaka ya sabini, akikaa nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa naye fundi wa jibini. Aliporudi alileta ski. Zilikuwa mbao mbili ndefu, nyembamba, nyeupe kama mfupa, zenye vyuma na mikanda ya kufungia viatu. Pamoja nazo fimbo mbili zenye kigurudumu kidogo karibu na ncha, na viatu vya ngozi vizito kama matofali. Alizitundika ukutani katika nyumba yake ya Bunia, na kila aliyeingia aliuliza ni za nini. Mjomba alieleza kwamba kule mtu huzivaa akateremka mlima juu ya theluji bila kupiga hatua. Wageni walimsikiliza kwa adabu.

Mama hakuwa na adabu hiyo. "Wengine wakitoka Ulaya wanaleta redio," alikuwa akisema. "Mudogo yangu analeta mbao. Mbao! Sawa vile miti imekwisha ku pori ya Mambasa."

Jambo ambalo wageni hawakuelezwa ni kwamba ski zile hazikuwa zake. Mzee alimtilia mkononi siku theluji ya kwanza ilipoanguka. Kwetu, ukimpa mgeni kitu mkononi, hakirudishi. Akikirudisha ni kama anakutukana. Basi siku ya kuondoka, mzee akiwa mbali malishoni pamoja na ng'ombe wake, mjomba alifunga kila kitu kwa moyo mweupe akapanda gari moshi. Mwaka uliofuata ilikuja barua. Mzee alimsalimu, akamweleza habari za ng'ombe, na mwishoni akauliza kama mchwa wa Afrika hawajala ski alizochongewa na marehemu baba yake. Hakudai chochote. Hiyo ndiyo iliyomuumiza mjomba. Alielewa kuwa alikuwa ameazimwa, na kwamba yule mzee alikuwa na aibu ya kusema hivyo. Miaka sita alipita mbele ya ukuta ule kama mtu anayepita mbele ya polisi.

Ndipo wakubwa wake wa kazi walipomchagua kurudi kule miezi mitatu kujifunza jibini ya aina nyingine. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Wiki moja kabla ya safari alifika kwetu asubuhi, ski begani, fimbo mkononi, viatu vikining'inia shingoni. Ski zilikuwa zimefungwa pamoja, na katikati yake kulikuwa na kipande kidogo cha mti kimebanwa.

"Mama yangu," aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi mtoto wa dada yake, "hii ni haya yangu ya miaka sita. Unishonee muzuri. Ikifika imevunjika, siko na uso ya kuingia nayo kwa ule muzee."

"Ndiyo, mujomba."

"Ndani ya viatu utie kahawa. Atafurahi."

"Ndiyo, mujomba."

Akapanda gari kwenda Kpandroma kukabidhi funguo za kazi.

Nilizifungua zile mbao nikazilaza juu ya saruji ya baraza. Zilikuwa zimepinda. Mbele zote mbili ziliinuka juu kama ulimi wa ng'ombe anayelamba pua, na katikati hazikugusa chini kabisa. Mkono wangu ulipita chini yake. Nilijua sababu mara moja, au nilidhani najua. Bati la nyumba ya mjomba lilivuja upande wa ukuta ule. Kila mtu Bunia aliyewahi kununua mbao mbichi kutoka njia ya Mambasa anajua mbao ikila mvua inavyojikunja, na anajua pia dawa yake. Unailowesha, unaipasha juu ya makaa, unailaza mahali palipo sawa, unaipandishia uzito, unaiacha.

Nilimhurumia mjomba. Nilimwona amesimama mlangoni kwa mzee na mbao zilizojikunja, akitafuta maneno. Nikasema moyoni, huyu hatapeleka vitu vya mtu vimeharibika wakati mimi nipo. Nilifanya kazi ile kwa mapenzi makubwa. Nilizilowesha kwa matambara, nikazipasha mbele, nyuma na katikati, nikazilaza kwenye saruji, nikazipandishia magunia manne ya maharagwe ya wateja na jiwe la kusagia juu yake. Kile kipande cha mti nilikiona hakina kazi, nikakitumia kukaza mlango wa banda la kuku, ambao ulikuwa haufungi vizuri tangu Pasaka.

Siku ya sita nilitoa magunia. Zilikuwa zimenyooka kama rula. Nilizitazama kwa muda mrefu, nikamwita mama naye azitazame.

"Sasa ni mbao kweli," alisema mama.

Mjomba alirudi siku moja kabla ya ndege, karibu na saa sita mchana. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nimeshazizungushia maganda ya migomba, hivyo hakuziona. Alipapasa tu mzigo akasema aksanti. Kisha akatoa picha mfukoni, ile aliyotaka kumwonyesha mzee kuwa ameitunza. Ndani yake mjomba alikuwa kijana, amevaa kofia ya sufu, amesimama kwa ubavu juu ya kitu cheupe kisicho na mwisho. Na mbele ya miguu yake zile mbao ziliinua pua zake juu, zote mbili, kama kwenye baraza letu siku ya kwanza.

Sikuwa mtu wa kuuliza watu wazima maswali. Lile lilitoka lenyewe.

"Mujomba, hii pua ni ya kuinuka vile?"

"Ndiyo!" alicheka. "Bila pua inachimba ndani ya theluji, nawe unaanguka na uso. Na huku katikati inainuka sawa mugongo ya paka, ndiyo inarukaruka. Ule muzee alinifundisha: ukiiweka, utie kamuti katikati, isilale. Kale kamuti uko nako?"

"Niko nako," nilisema. Haikuwa uongo. Kuku walikuwa nako.

"Mutoto ya akili," alisema mjomba, akavaa kofia, akaenda mjini kutafuta mihuri ya makaratasi yake.

Nilikaa chini palepale barazani. Ningeweza kumkimbilia. Alikuwa bado hajafika barabarani, nilimwona mgongo. Lakini miguu yangu ilikataa, kama ilivyokuwa ikikataa shuleni nilipoitwa ubaoni. Basi nikafikiri: kilichonyooshwa kwa maji na moto na uzito kinaweza kukunjwa kwa hivyohivyo. Nilikuwa na mchana mmoja.

Niliondoa maganda yote. Nilimnyang'anya kuku kipande cha mlango wake. Nikachemsha maji katika pipa lililokatwa, nikafunika kwa magunia yaliyolowa, nikaziingiza zile pua katika mvuke mpaka mikono yangu haikuweza tena kuzishika. Mbao ikilainika hivyo hukubali, lakini ukiiachia inarudi. Nilihitaji kitu cha kukaa katikati ya zile pua mbili na kuzilazimisha ziachane, kitu kigumu, cha mviringo, kisichojali joto. Nilitafuta uani. Chupa ilikuwa nyembamba. Jiwe liliteleza. Kisha nikauona mchi wa mama umeegemea kinu, ule wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, wenye kichwa kinene laini na mpini mwembamba.

Nikazilaza mbao tumbo kwa tumbo. Kipande cha mti katikati, kichwa cha mchi kati ya pua, mpini wake umelala ndani. Nikakaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikivuta kwa mguu na meno. Pua zilifunguka polepole kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Zilipofika kwenye kipimo cha picha, kwa jicho langu, nikafunga.

Hapo tu ndipo nilipoelewa jambo moja: mbao zilikuwa zimelowa. Zikifunguliwa kabla ya kukauka, kazi yote ni bure. Na ili zikauke vizuri zingetaka wiki mbili. Mchi ulikuwa umepata safari.

Nilishona. Sijawahi kushona vile. Viatu niliviweka upande wa nyuma na kahawa yake ndani, fimbo ubavuni, maganda ya migomba kila mahali penye mfupa. Jioni mama alirudi na sombe yake, akaenda kwenye kinu, akarudi.

"Muchi yangu iko wapi?"

Niliinama juu ya moto nikapuliza, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

"Bajirani wamechukua tena bila kuuliza," alisema mama, akaenda kuazima wa jirani, akiwa amekasirika sana kwa kitu ambacho jirani hakufanya. Nilijiambia nitamweleza mjomba baada ya chakula. Baada ya chakula nyumba ilijaa watu wa kumuaga, kila mmoja na salamu zake na kifurushi chake. Nilijiambia nitamweleza asubuhi, njiani. Njiani alinisimulia habari za jibini, bila kupumua, mpaka uwanja wa ndege.

Pale kulikuwa na mizani moja kubwa, na mwenye mizani mmoja, bwana mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Wapakiaji wawili waliuinua mzigo wangu, mmoja akapitisha jicho kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Maganda na gunia vilikuwa vimeficha kila kitu, mzigo ulikuwa umenyooka.

"Ni nini humu, sitwayeni?" mwenye mizani alimuuliza mjomba, maana siku zile kila mwanaume aliitwa hivyo, mwananchi.

"Mbao."

"Unatoa mbao Bunia unapeleka Ulaya?"

"Ni zao. Narudisha."

Mwenye mizani alitikisa kichwa akasogeza chuma cha kipimo. "Inapita kipimo. Kilo ine zaidi."

"Haiwezi," mjomba alisema. "Niliipima mimi mwenyewe ku mizani ya maziwa, na viatu, na kahawa. Inatosha sawasawa."

"Maziwa yako na ndege yangu si kitu moja. Punguza, ama ibaki."

Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja mwenye kitunga cha kuku. "Mufanye mbio, baba," alisema. "Kuku yangu inasikia joto."

Mjomba alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu. "Mama yangu, umetia kitu ingine?"

Mstari mzima ulinitazama. Wapakiaji, mama wa kuku, hata kuku. Nilijua kwamba nikinyamaza, mjomba ataniambia nifungue, atautoa mchi, na zile pua zitajifunga tena hewani, juu ya msitu, bila mtu wa kuzizuia. Mzee angefungua gunia akute mbao mbili za mlango.

"Iko muchi," nilisema.

"Sema tena?"

"Muchi. Ya mama."

"Muchi ya sombe?" mwenye mizani aliuliza, kalamu ikamtoka sikioni.

"Juu ya nini," mjomba aliuliza polepole, "muchi ya dada yangu inaenda Ulaya?"

Basi nilieleza. Nilieleza yote kwa pumzi moja, nikitazama viatu vyake: bati linalovuja, saruji, magunia manne, banda la kuku, picha, pipa, mvuke. Nadhani nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwaka ule mzima. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mama wa kuku alikuwa ameweka kitunga chini ili asikie vizuri.

Mjomba aliweka kiganja juu ya mzigo, mahali penye pua, akapapasa unene wake.

"Tukitoa muchi?"

"Zitarudi kunyooka. Zingali na maji. Ikae wiki mbili."

"Na hii umbo, ni sawa na ya picha?"

"Nilipima na jicho."

Alitazama mizani. Alitazama sanduku lake, ambalo nalo lilikuwa limepimwa na kujaa. Kisha akaketi juu yake, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake, vile vizuri vyeusi alivyonunua kwa safari.

"Shona yako, ulishona. Sasa fungua hapa nyuma," alisema. "Unipe viatu ya theluji."

Nilitoa sindano niliyoichomeka kwenye kitenge, nikafumua mkono mmoja tu wa gunia, nikavuta vile viatu. Kahawa tukaimimina katika mifuko ya koti lake la abakosti, yote minne, mpaka akavimba kama mto. Iliyobaki mama wa kuku aliikinga kwenye kitambaa chake cha kichwa bila kuombwa. Nikashona tena. Mwenye mizani akasogeza chuma, akakitazama, akakitazama tena.

"Pita," alisema. "Pita, baba, kabla sijacheka."

Mjomba alinipa viatu vyake vyeusi nivishike, akaondoka kuelekea ndege. Viatu vile vya theluji havikukunjika hata kidogo. Alitembea kama bata aliyekula sana, pwaa, pwaa, juu ya lami, chembe za kahawa zikimdondoka mfukoni, na wapakiaji mbele yake wamebeba mzigo wangu begani. Juu ya ngazi aligeuka akanipungia mkono. Mstari mzima ukampungia.

Nilirudi nyumbani na viatu vya mwanaume mikononi. Mama aliviona kabla ya kuniona mimi.

"Ameenda miguu wazi?"

Mara ya pili kueleza ni rahisi kuliko ya kwanza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwa jirani kuomba radhi, akarudi, na ndipo akanipigia kelele.

Miezi mitatu ilipita. Niliendelea kushona samaki na maharagwe, lakini kila nilipovuta kamba niliziona zile pua. Kila jioni mama alitwanga kwa mchi mpya, mwepesi, na kila jioni alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba huu haujui sombe.

Mjomba alipotua alikuwa na viatu vingine miguuni na hana mzigo wowote mrefu. Aliketi barazani, akaomba maji, akanywa taratibu mpaka nikadhani ananitesa kwa makusudi.

"Muzee alifungua yeye mwenyewe," alisema mwishoni. "Alikata mipira yako mumoja mumoja. Alikuwa amekwisha kujua yote, nilimuambia ku mulango, kabla sijaingia. Akaweka kidole ku pua. Akaweka jicho, hivi. Halafu akazivaa, muzee wa miaka ile, akapanda nyuma ya nyumba na akashuka."

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka. Zinavuta kidogo ku kushoto." Alionyesha kwa mkono. "Anashuka sawa mbuzi yenye kuona majani. Alicheka mupaka akakaa chini. Akasema baba yake alikuwa muchongaji, lakini hakujua kupika mbao."

Nilipuliza pumzi niliyokuwa nimeishika tangu uwanja wa ndege.

"Na muchi yangu?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Mjomba alitazama ndani ya kikombe chake. "Dada, aliona ni zawadi. Aliishika, akaisugua, akaitundika ku ukuta, pale ski zilikuwa zinakaa zamani. Kila mugeni anaingia, anamuonyesha. Ningesema nini?"

Nilidhani mama ataanza tena. Aliegemea mlango, akafikiri.

"Weye ulikaa na mbao zake miaka ngapi?"

"Sita."

"Basi," mama alisema, akichukua ule mchi mwepesi na kwenda kwenye kinu, "muzee angali na wakati."